Chui wa Seronera na chui wasiohesabiwa

Dereva mzoefu wa Serengeti hamtafuti chui kila mahali. Anaelekea bonde la Seronera, anafuata mto taratibu na kukagua mti mmoja baada ya mwingine: mwegea, mkuyu, mgunga wa gome la manjano. Mwenzake wa Kenya hufanya vivyo hivyo kando ya mto Talek huko Maasai Mara, au Ewaso Ng'iro ndani ya Samburu. Zambia wana bonde la Luangwa, Afrika Kusini wana Sabi Sand inayopakana na Kruger. Maeneo haya machache ndiyo yanayojaza picha za chui kwenye kalenda, mabango na simu zetu. Kwa kuwa picha ni nyingi, watu wamezoea kuamini kwamba chui nao ni wengi, na kwamba kumwona ni bahati tu na wepesi wa macho. Imani hiyo ina kasoro kubwa. Tabia ileile inayomficha chui mbele ya mtalii ndiyo inayomficha kwenye hesabu, na mnyama asiyehesabika anaweza kupungua miaka mingi bila mtu kushtuka.

Kabla ya hayo, tuondoe mkanganyiko unaojirudia hata kwenye matangazo ya utalii: picha ya duma kuandikwa chui. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, kama yamechapwa kwa ncha ya kidole, na michirizi miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi pembeni mwa mdomo. Madoa ya chui mgongoni na ubavuni yamejipanga kwa duara lenye uwazi katikati, mfano wa ua la waridi. Yaliyojaa yako kichwani, miguuni na tumboni. Duma ni mwembamba wa miguu mirefu, mkimbiaji wa uwandani. Chui ni mzito wa kifua na shingo, mfupi wa miguu, na kazi yake ni kunyatia mpaka abaki mita chache tu kabla ya kurukia.

Sasa, anaonekanaje? Nafasi nzuri ni saa mbili za kwanza baada ya lango kufunguliwa saa 12 asubuhi, na ile saa moja na nusu ya mwisho kabla ya jua kuzama. Chui huwinda zaidi usiku, hivyo asubuhi anakutwa akirejea mapumzikoni na jioni anakutwa akishuka. Mchana hulala. Watu wengi wanadhani hulala juu ya mti siku zote, kwa sababu huyo wa juu ya mti ndiye wanayemwona. Ukweli ni kwamba muda wake mwingi yuko chini, ndani ya kichaka au kwenye kivuli cha korongo, na magari hupita karibu naye bila habari.

Gari liende chini ya kilomita 20 kwa saa. Asubuhi pita upande wa mashariki wa mto, jioni upande wa magharibi, ili jua liwe mgongoni mwako. Ukilitazama jua, kila kitu mtini hugeuka kivuli cheusi na chui anakuwa tawi. Kosa la anayeanza ni kutafuta chui mzima. Tafuta kitu kisichofanana na mti: mkia ulionyooka kuelekea chini pahali ambapo matawi yote yanapinda, mguu unaoning'inia upande mmoja wa tawi nene la kulala, sikio, au mzoga uliobanwa kwenye panda. Anza na matawi makubwa ya mlalo, kisha nenda kwenye mashina, mwisho kagua kivuli kilicho chini ya mti. Darubini ya 8x42 inatosha. Nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 10x hukuza chui, lakini hukuza pia mtetemo wa mkono na wa injini. Kwa vyovyote, zima injini kwanza. Kwanza kwa ajili ya darubini, pili kwa ajili ya masikio, kwa kuwa chui wengi hupatikana kwa kusikia.

Anayekuonyesha chui mara nyingi ni mnyama mwingine. Mwaka 1980 watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya kazi yao kwa tumbili wa Amboseli. Walirekodi milio ya hatari ya tumbili, wakaicheza kwa kipaza sauti pasipo adui yeyote, na kuangalia watakachofanya. Wakisikia mlio wa chui, tumbili walikimbilia mtini. Mlio wa tai uliwafanya watazame juu au wajitupe vichakani, na mlio wa nyoka uliwafanya wasimame kwa miguu miwili na kukagua majani. Kwa mwongoza watalii hayo yana thamani ya moja kwa moja: tumbili wanaobweka wakiwa juu ya mti, macho yote chini upande mmoja, wanakupa karibu jina la mnyama aliyepo.

Swala pala hutoa mkoromo mkavu, mfupi kama chafya, huku kundi zima limeelekeza masikio sehemu moja. Hapa wengi hukosea. Dume la pala linapogombea majike nalo hunguruma na kukoroma, ila kwa mfululizo, likiwa mbioni na mkia umeinuliwa; anayekimbilia sauti hiyo huishia kutazama ugomvi wa mapenzi. Nyani hubweka, na hawabweki ovyo. Kanga ni wapiga kelele wa bure, hata kicheche akipita watapiga yowe. Twiga akikazia macho mahali pamoja bila kutafuna, yafaa kufuatilia, ingawa mara nyingi anayetazamwa ni simba. Kanuni ya kazi ni hii: mnyama mmoja akilalamika, punguza mwendo, wa aina mbili tofauti wakilalamika kuelekea upande mmoja, simama, zima injini, na usiondoke kabla ya robo saa. Chui akijua ameshaonekana mara nyingi huacha windo, akatoka waziwazi akitembea, mkia umekunjwa juu na weupe wa chini yake unaonekana. Wanaoondoka baada ya dakika tatu ndio wanaoikosa picha hiyo.

Nyayo zina msaada pale udongo unapokubali. Wayo wa chui hauna alama za kucha, na kisigino chake nyuma kina mapindo matatu. Fisi na duma huacha alama za kucha. Simba ana umbo lilelile la chui, ila wayo wake ni mkubwa zaidi. Usiku na alfajiri kuna sauti yenyewe ya chui, ambayo haifanani na ngurumo ya simba: ni mkwaruzo unaokwenda na kurudi, kama fundi anayekata mbao kwa msumeno. Anatangaza mipaka yake. Ukiisikia kambini, kumbuka upande uliotoka, maana dume hutembea mbali usiku mmoja.

Pengine dalili bora kuliko zote ni mzoga mtini. Chui hupandisha windo juu kuwakwepa fisi na simba, na hula kwa siku kadhaa akishuka kunywa maji na kupanda tena. Kwa hiyo mti wenye nusu ya swala na hakuna chui si mti wa kuacha. Mwenyewe yuko karibu. Egesha mbali, upande usiozuia njia kati ya mti na kichaka kilicho jirani, na subiri jioni. Kama nyama ingali mbichi na kubwa, rudi kesho. Uvumilivu wa namna hii ni mgumu kwa gari lenye wageni waliopewa siku moja, na hapo biashara inaanza kugongana na mnyama. Tutarudi kwenye hilo.

Ndani ya hifadhi nyingi za taifa gari la kawaida haliruhusiwi kutembea usiku wala kutoka nje ya barabara. Luangwa wanaruhusu mizunguko ya usiku, na hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara pia. Huko taa hutumika kwa adabu: kichujio chekundu, mwanga pembeni mwa mnyama, na kamwe usimulike swala wakati chui anamnyatia. Swala aliyemulikwa hupofuka kwa muda, na huo muda unamtosha chui. Utakuwa umewinda naye.

Swali ambalo watalii hawaulizi ni kwa nini Seronera. Maji yapo mwaka mzima, miti mikubwa ya mtoni ipo, swala na tohe wapo hata nyumbu wakihama. Lakini sababu ya nne ndiyo muhimu zaidi: chui wa pale wamezaliwa katikati ya magari. Mama asiyeogopa injini hulea watoto wasioogopa injini, na hali hiyo imepokezanwa vizazi kadhaa. Chui wa namna hiyo ni wachache. Mamia ya kilomita kutoka hapo, katika pori la akiba, kitalu cha uwindaji au shamba la mtu, mnyama wa aina ileile hutoweka kabla gari halijafika. Unayemwona Seronera hakuelezi lolote juu ya huyo mwingine.

Kumjua huyo mwingine kunahitaji kamera za kutegea, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, na kazi hiyo ina masharti magumu. Madoa ya kila chui ni ya kwake peke yake, kama alama za vidole, lakini ubavu wa kulia haufanani na wa kushoto. Hivyo kila kituo huwekwa kamera mbili, moja kila upande wa njia, kwa urefu wa sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, zikiwa zimepishana kidogo ili mwako wa moja usipofushe nyingine. Vituo hupangwa kwa umbali wa kilomita chache ili jike mwenye eneo dogo asipenye katikati bila kupigwa picha. Kazi yote huchukua takriban miezi miwili hadi mitatu, isizidi sana, kwa sababu hesabu hudhania kwamba hakuna wengi waliozaliwa, waliokufa au waliohama kati ya siku ya kwanza na ya mwisho. Mambo yanayoharibika ni mengi. Nyasi zinazopepea hujaza kadi ya kumbukumbu kwa picha elfu za upepo. Tembo hung'oa kamera na fisi huzitafuna. Watu huziiba. Mwako wa infraredi humwacha chui anayetembea akiwa na ukungu, madoa hayasomeki. Mwako mweupe huyatoa vizuri ila hula betri na humshtua mnyama. Na kamera moja ikifa katikati ya kazi, unabaki na picha ya ubavu wa kulia na nyingine ya ubavu wa kushoto, chui wawili ambao huenda ni chui mmoja.

Ilipofanyika Serengeti, hesabu ya namna hii iliyotolewa mwaka 2020 ilipata kati ya chui 5 na 6 kwa kila kilomita za mraba 100. Maana yake ni chui mmoja kwenye kilomita za mraba 17 hadi 20, na hapo tunazungumzia moja ya sehemu tajiri kwa mawindo duniani. Katika nchi kame kama sehemu za Namibia, eneo la dume mmoja huweza kufikia mamia ya kilomita za mraba. Kwa hiyo namba ya sehemu moja haihamishiki kwenda nyingine.

Hilo la kuhamisha namba limewahi kufanyika, tena kwa kiwango cha bara. Mwaka 1988 ilitolewa makadirio ya chui zaidi ya 700,000 kusini mwa Sahara, yaliyopatikana kwa kuhusisha idadi ya chui na kiasi cha mvua: mvua nyingi, chui wengi. Wataalamu wengi waliyapinga mara moja, na ni rahisi kuona sababu. Mvua haijui kama swala wamekwisha kuliwa. Haijui kama msitu umekuwa shamba wala kama mfugaji ametia sumu. Hata hivyo namba kubwa ikishaandikwa huwa na maisha marefu, na fikra kwamba chui "wapo tele, hawaonekani tu" ingali inasikika kwenye vikao. Utafiti wa mwaka 2016 ulioangalia eneo badala ya vichwa ulionyesha picha nyingine: chui duniani wamebakiwa na asilimia 25 hadi 37 ya ardhi waliyokuwa nayo mwaka 1750, na Afrika peke yake wamepoteza kati ya asilimia 48 na 67. Mwaka huohuo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimhamisha kutoka kundi la wanaokaribia kuwa hatarini hadi kundi la walio hatarini.

Sasa tuangalie uwindaji wa kitalii, ambako hesabu hii ina matokeo ya papo kwa papo. Chui yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori; kiambatisho hicho huzuia biashara ya kimataifa, lakini tangu 1983 nchi kadhaa zimepewa viwango vya kusafirisha nyara. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kiwango cha Tanzania ni 500 kwa mwaka, ingawa wanaouawa huwa chini ya idadi hiyo. Viwango hivi havikujengwa juu ya kamera za kutegea. Afrika Kusini ilipotakiwa kuonyesha kisayansi kwamba uwindaji wake hauathiri chui, mamlaka yake ya kisayansi ilikiri kwamba takwimu hazitoshi, na kiwango kikawekwa sifuri kwa miaka ya 2016 na 2017. Ulikuwa uamuzi wa kiungwana, na wengine wangeweza kuuiga.

Tatizo halipo kwenye idadi peke yake. Dume la chui hulinda eneo linalofunika maeneo ya majike kadhaa. Likiuawa, dume jipya huingia na kwa kawaida huua watoto wasio wake, ili majike yarudi kwenye joto. Mtoto wa chui hubaki na mama kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi. Madume yakibadilika haraka kuliko hapo, hakuna mtoto anayefikia kujitegemea. Ndiyo sababu watafiti wamependekeza dume asipigwe kabla ya miaka 7. Kumkadiria umri kunawezekana kwa kuangalia ngozi inayoning'inia kooni: kwa dume mzee ni kubwa na imelegea, kwa kijana karibu haipo. Chui wa kuwindwa huvutwa kwa chambo kilichofungwa mtini, na mwindaji bingwa ana dakika nyingi za kumtazama kabla ya mteja kuvuta kifyatulio. Kwa hiyo kisingizio cha haraka hakipo. Hata hivyo, vinasaba vya ngozi 77 za chui waliowindwa Tanzania katikati ya miaka ya 1990 vilionyesha kwamba 22 walikuwa majike, ilhali sheria iliruhusu madume pekee. Zaidi ya robo.

Wanaotetea uwindaji wana hoja moja nzito na haipaswi kupuuzwa: vitalu vimehifadhi ardhi kubwa ambayo watalii wa picha hawataki kwenda, kwa sababu ina mbung'o, haina barabara na wanyama wake ni waoga. Kitalu kikiachwa wazi, ng'ombe na mkaa huingia kabla ya mwaka kwisha. Tunalikubali hilo. Lakini kukubali kwamba kitalu kinafaa hakuondoi wajibu wa kuhesabu kilichomo. Kampuni inayouza chui ingeweza kutakiwa kugharimia miezi mitatu ya kamera kila baada ya miaka michache, na kiwango cha kitalu kikafuata matokeo.

Risasi ya mtalii, hata hivyo, si muuaji pekee. Nyaya nazo huua. Mtego wa waya wa kutafuta kitoweo hutengenezwa kwa kebo ya breki, waya wa uzio wa zamani au wa nguzo za umeme, ukafungwa kitanzi kwenye njia ya swala. Watega nyaya hujenga ukuta mrefu wa miiba, wanaacha matundu, na kila tundu lina kitanzi. Chui hutumia njia zizo hizo. Akinaswa kiunoni au shingoni, kila anavyovuta ndivyo waya unavyozama, na hata akiukata na kuondoka nao, kidonda humwua polepole. Tangu 2017 shirika la uhifadhi la Frankfurt Zoological Society na kampuni za utalii zimekuwa na kikosi cha kuondoa nyaya Serengeti kwa kushirikiana na hifadhi, na wingi wa nyaya zinazokusanywa unatisha. Pia hata mtego usiomnasa chui humnyang'anya chakula. Pori linaweza kubaki na miti yote, picha ya setilaiti ikaonyesha kijani kizuri, na ndani yake pasiwe na swala wa kumlisha chui hata mmoja.

Akikosa swala, huenda zizini. Hapa chui ni tofauti na simba, na boma linalomzuia simba linaweza lisimzuie yeye. Anaweza kuruka juu takriban mita 3 na anakwea, kwa hiyo uzio wa miiba au wavu wa waya peke yake ni ngazi kwake. Akiingia mbuzi hawana pa kukimbilia, naye huua zaidi ya anavyoweza kula. Mfugaji anaamka na kukuta mizoga kumi, mmoja tu umeliwa. Katika nyika ya Wamaasai, maboma ya wavu wa waya ulioshikiliwa na vigingi vya miti ya jamii ya manemane, ambavyo vikichomekwa huchipua na kuwa ukuta hai, yamepunguza sana hasara. Kwa chui ongeza jambo moja: ndama, mbuzi na kondoo walale ndani ya chumba kidogo kilichoezekwa, hata kwa wavu tu, na mlango wake uwe wa mbao au bati unaokaza chini. Mlango ndio unaoshindwa mara nyingi, kwa sababu hufungwa kwa tawi la mwiba ambalo baada ya msimu mmoja limekauka na kupukutika. Taa zinazowaka na kuzima husaidia kwa muda, kisha chui huzizoea. Zihamishwe mahali kila wiki.

Pasipo hayo, inakuja sumu. Dawa ya kuua wadudu ya kabofurani, iliyojulikana madukani kwa jina la Furadan, ilitumika sana kutia kwenye mizoga hadi mtengenezaji alipoiondoa Kenya mwaka 2009. Hukamata neva, misuli ikatetemeka na kukakamaa, mwisho pumzi ikakatika. Mzoga mmoja huua tai kwa makumi, fisi, mbweha, na chui, ambaye pamoja na sifa zake zote za uwindaji haoni aibu kula kilichokwisha kufa. Tanzania ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na Kenya ina fidia chini ya sheria ya mwaka 2013. Udhaifu ni uleule: vinahitaji ushahidi. Simba huacha mzoga wa ng'ombe. Chui hubeba mbuzi akatokomea naye, na mwenye mbuzi anabaki na damu kidogo na neno lake. Wanaotunga kanuni wangefaa kukubali nyayo na picha ya simu kama ushahidi wa kutosha kwa mifugo midogo.

Dawa nyingine inayopendwa ni kumkamata chui na kumpeleka mbali. Inawaridhisha wanakijiji, na kwa sehemu kubwa haifanyi kazi. Junnar, katika jimbo la Maharashtra nchini India, chui walihamishwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na utafiti uliotolewa 2011 ulionyesha kwamba mashambulizi kwa watu yaliongezeka baada ya hapo. Chui aliyehamishwa hukuta eneo lina wenyewe, hupigana, hutangatanga, au hufunga safari ya kurudi kwao.

Kuna mahali ambapo hadithi hii imekwisha kufika mwisho wake, nako ni nyumbani. Kisiwa cha Unguja kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara. Waliogopwa kwa sababu mbili: walikula mbuzi, na iliaminika kwamba wapo wafuga chui, wachawi wanaowatuma usiku kudhuru watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipita kampeni ya kupambana na uchawi, ikiongozwa na mganga aliyefahamika kama Kitanzi, na chui waliuawa kwa sababu ya imani hiyo. Misitu nayo ilikuwa ikikatwa. Kilichobaki ni ngozi chache kwenye makumbusho. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni ilionyesha mnyama aliyedaiwa kuwa ndiye, lakini hakuna uthibitisho uliofuata. Hakuna aliyejua walikuwa wangapi wakati kampeni inaanza, kwa hiyo hakuna aliyejua ni lini wa mwisho alikufa. Hivyo ndivyo chui anavyotoweka, kimya kimya.

Kuhusu ngozi kuna habari njema kiasi. Waumini wa kanisa la Shembe huko KwaZulu-Natal huvaa ngozi za chui kwenye ibada, na tangu miaka ya 2010 Panthera, shirika la kuhifadhi paka wa porini, limewagawia maelfu ya mavazi ya mabegani ya ngozi bandia yenye madoa yanayofanana. Kazi kama hiyo imefanyika na Walozi wa Zambia kwa wapiga makasia wa sherehe ya Kuomboka. Mafanikio yametokana na kuzungumza na viongozi wa dini na wa jadi badala ya kuanza na polisi.

Turudi kwenye magari. Kiingilio cha Maasai Mara kwa mgeni wa nje ni dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, na tiketi ni ya saa 12. Mgeni aliyelipa hivyo anataka chui leo, dereva anategemea bahashishi yake, na redio ya gari inatangaza. Kanuni zinasema magari matano kwa mnyama mmoja na dakika kumi kama wengine wanasubiri. Msimu wa nyumbu huonekana mara nyingi zaidi ya hayo. Magari yakiuzunguka mti, mama mwenye mzoga hashuki, na watoto aliowaficha mapangoni na miambani wanakaa na njaa. Fisi nao wamejifunza kuja pale magari yalipo. Dawa rahisi ni dereva kutotangaza kwenye redio chui mwenye watoto wadogo, na gari la kwanza kuacha upande mmoja wa mti wazi kabisa, upande wa kichaka.

Mtalii naye anaweza kulipa zaidi ya kiingilio. Picha ya ubavu, si ya uso, ndiyo yenye thamani ya utafiti. Piga ubavu wa kulia, subiri ageuke, piga wa kushoto, na hakikisha picha hizo mbili zina saa na tarehe zinazofuatana ili ijulikane ni mnyama mmoja. Wapelekee watafiti wa hifadhi husika zikiwa na mahali zilipopigwa. Kabla ya kuziweka mtandaoni, futa mahali hapo, hasa kama nyuma ya mama kuna pango.